Ile Motokari Iliyobaki Uwanjani

Mwaka uliopita, katikati ya kiangazi, alitufikia jioni moja mke wa rafiki yetu. Tulikuwa tungali tukipanga madaftari ya wanafunzi. Akaketi, akakataa chai, akasema: «Mwalimu, mume wangu haumwi, halewi, wala hajanikosea lolote. Lakini tangu tununue motokari, nyumba yetu ni kama nyumba yenye kilio.»

Tulishangaa. Hapa Lubumbashi mtu akinunua motokari, ndugu na majirani huja kufurahi pamoja naye, na wengi humwomba padri aibariki. Ya rafiki yetu ilikuwa imekwisha kubarikiwa, dominika moja baada ya Misa, nasi tulikuwapo. Basi, kilio hicho chatoka wapi?

Rafiki yetu ni karani, baba wa watoto watano, na watatu kati yao wako katika shule ya sekondari. Mama yake mzee akaa Likasi, mwendo wa kilometa 120 hivi, naye humtembelea kila juma la pili. Kwa miaka mingi alipanda basi. Alipokwisha kukusanya fedha zake, alikwenda pamoja na mkewe kwenye uwanja wa kuuzia motokari zitokazo Japani, zile zinazoshushwa Dar es Salaam na kupitia Zambia hadi Kasumbalesa. Hapo walizikuta Toyota ist mbili, rangi moja, umri mmoja, kama mapacha. Tofauti ilikuwa ndani: moja ilikuwa na injini ya lita 1.3, na ya pili injini ya lita 1.5. Tena bei: ile ya pili ilizidi kwa dola 700. Wakashauriana pembeni. Mama akakumbusha minervali ya mwezi wa tisa. Wakaichukua ile ndogo, wakarudi nyumbani wakiimba.

Majuma mawili mwenzetu alikuwa na furaha kama bwana arusi. Kisha akaenda Likasi, na watu watano ndani. Wote waijuao njia hiyo wajua kwamba ni njia ya malori: shaba na kobalti ya Kolwezi yapita hapo usiku na mchana kwenda mpaka wa Zambia. Alijikuta nyuma ya lori lenye trela, kwenye mlima, vumbi na moshi vikimwingia puani. Akakanyaga kwa nguvu zote. Injini ikapiga kelele, lakini mwendo haukuongezeka. Ndipo ist nyingine ikatokea nyuma yake, ikampita yeye na lori pamoja, ikatoweka. «Mwalimu,» alituambia baadaye, «ilikuwa na rangi ileile. Nilijua moyoni kwamba ni ile niliyoiacha.»

Haikuwa ile, bila shaka. Lakini tangu siku hiyo hakuiona tena motokari yake mwenyewe. Aliiona ile nyingine tu. Mezani alishika simu akitazama matangazo ya ist za lita 1.5. Usiku aliamka kuyatazama tena. Watoto walipomwomba awachukue kidogo mjini, aliwajibu: «Na hii nayo ni motokari?»

Tusimcheke mapema. Kesho yake alikuja mwenyewe, akatutaka tumpigie hesabu, nasi tulichukua chaki. Toyota ist ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Injini yake ndogo yatoa nguvu za farasi 87, na ile kubwa 109. Lakini Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi farasi 87 wawa kama 77, na 109 wawa kama 96. Motokari yenyewe ina uzito wa karibu tani moja. Ongeza watu watano na mizigo yao. Kwa hesabu yetu ya ubaoni, ili kutoka mwendo wa kilometa 60 kwa saa hadi 90, ile ndogo yataka kama sekunde 10, na ile kubwa kama 7 au 8.

Tofauti ya sekunde mbili au tatu! Tulitaka kucheka, tukajizuia. Maana mwendo wa kilometa 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde moja, na lori lijalo mbele nalo halisimami kukungoja. Katika sekunde tatu hizo motokari mbili zaweza kukaribiana zaidi ya mita 100. Hilo si jambo dogo. Na tukiri mbele ya wasomaji: kama rafiki yetu angalituuliza kabla ya kununua, huenda tungalimshauri aongeze zile dola 700. Majuto yake hayakuwa ya upuuzi.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo ubao haukutuonyesha. Kwa nini majuto hayo hayakupoa kadiri siku zilivyopita?

Mwaka 1957 mwanachuo wa Marekani, Leon Festinger, alitoa kitabu juu ya hali ya moyo wa mtu aliyekwisha kuchagua. Alionyesha kwamba mtu akichagua kimoja kati ya vitu viwili vyema, roho yake haitulii mara moja: uzuri wa kile alichokiacha na upungufu wa kile alichokichukua humsumbua, naye hutafuta njia ya kujituliza. Wengine nao waliwauliza wenye motokari mpya ni matangazo gani waliyoyasoma. Wakaona kwamba walisoma zaidi matangazo ya motokari waliyoinunua kuliko ya zile walizozifikiria wakaziacha. Yaani mnunuzi kwa kawaida hutafuta kuambiwa kwamba amefanya vema.

Mwenzetu alifanya kinyume. Aliyasoma ya ile aliyoiacha. Mbona?

Jibu tulilipata tulipomwuliza tena mkewe. Kulikuwa na komisionere. Mtu huyo alimpigia simu kila siku ya tatu: «Papa, nipe hiyo yako pamoja na dola 1,500, nikuletee ya lita 1.5, safi kabisa.» Tofauti ya dola 700 ilikuwa imekwisha kuzaa dola 1,500; lakini tuliache hilo, kila mtu aishi kwa kazi yake. Jambo kubwa lilikuwa hili: dola 1,500 zilikuwapo. Zilikuwa ndani ya kopo, chini ya kitanda, nazo zilikuwa minervali ya watoto watatu. Mama wa nyumba alikuwa ameanza kulala na ufunguo wa chumba shingoni. Hicho ndicho kilio alichotuletea.

Hapo tulikumbuka uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2002 na Daniel Gilbert na Jane Ebert. Katika chuo kikuu cha Harvard wanafunzi walifundishwa kupiga picha; kila mmoja alitengeneza mbili, akaambiwa abaki na moja tu. Wengine walipewa siku kadhaa za kubadili nia yao. Wengine waliambiwa kwamba wakichagua wamechagua. Waliofungiwa mlango waliipenda picha yao kuliko wale walioachiwa mlango wazi. Na rafiki yetu mlango wake haukufungwa. Komisionere aliushikilia kwa mguu.

Tulimwendea siku ya alhamisi. Kwa kuwa tulilelewa katika seminari, hatukuweza kuacha kumtaja Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari yule aliyejeruhiwa Pamplona mwaka 1521. Kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, chasema mambo mawili yaliyomfaa sana mwenzetu. La kwanza: wakati wa ukiwa wa roho usibadili shauri ulilolikata ulipokuwa na utulivu. La pili: katika mambo yawezayo kubadilishwa, ukiwa umekwisha kuchagua vema na kwa utaratibu, usianze kuchagua upya, bali jitahidi kuendelea vema katika lile ulilolichagua. Ni kweli kwamba Inyasi alifikiri habari za wito na za mali ya duniani, wala hakujua lita 1.3 ni nini.

Rafiki yetu alinyamaza kitambo, akauliza: «Mwalimu, na mimi nilichagua vema?»

«Siku ile ulichagua kwa hofu au kwa hasira?»

«La. Tulikaa pembeni, tukahesabu watoto.»

Hatukumwambia neno zaidi. Siku ya jumatatu alikwenda shuleni pamoja na mkewe, akalipa minervali ya mwaka mzima kwa watoto wote watatu, ingawa mwezi wa tisa ulikuwa bado. Kopo likabaki tupu. Komisionere alipopiga simu, akamjibu kwamba hana kitu, na safari hii ilikuwa kweli.

Tulimshauri pia ampelekee fundi motokari yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ainunue, maana aliona haya kumtengenezea farasi asiyempenda. Fundi alifungua chujio la hewa, akalipiga chini mara moja: vumbi jekundu la kiangazi likatoka kama unga wa mhogo. Akaweka jipya, akabadili na plagi. Hatusemi kwamba ya lita 1.3 ikageuka kuwa ya lita 1.5. Lakini ilipumua.

Mwezi wa nane tulisafiri naye hadi Likasi, sisi tukikaa nyuma pamoja na watoto wawili, mkewe mbele. Na hapo ndipo tulipoliona jambo ambalo sisi sote, pamoja na ubao wetu, hatukulifikiri. Motokari za Japani zina usukani upande wa kuume, na katika nchi yetu ya Kongo twaendesha kwa upande wa kuume wa njia. Basi dereva akiwa nyuma ya lori aketi upande wa majani, na lori lamzibia njia yote. Hawezi kuona kama mbele kuna kitu mpaka motokari yake imekwisha kutoka nusu katika upande wa wengine. Aliye na macho ni yule aketiye kushoto. Tuliwaza ile ist iliyompita siku ile mlimani: dereva wake aliona nini? Farasi 109 wangalimsaidia kupita upesi, kuona wasingalimsaidia. Na tulijiuliza kwa siri, wala hatukusema kwa sauti, mwenzetu angalijaribu mara ngapi kupita akiwa kipofu, kama motokari ingalimtii siku ile.

Baada ya mji tulilifikia lori la kwanza. Alipunguza mwendo, akaacha nafasi, akazima kiyoyozi ili injini isibebe mzigo wa bure. Mkewe aliinama kidogo kuelekea dirishani, akatazama mbele.

«Bado, baba,» alisema.

Tulikwenda nyuma ya lori kama kilometa mbili. Rafiki yetu hakuugua wala hakulaani. Basi moja likapita kutoka mbele, kisha lori jingine, kisha pikipiki mbili zenye magunia ya makaa.

«Bado.»

Mtoto mmoja alikuwa amelala begani mwetu. Njia ikanyoka.

«Sasa, baba. Hakuna kitu.»

Injini ikapiga kelele, nasi tukapita polepole kando ya magurudumu marefu ya lile lori, tukirudi upande wetu mapema kuliko tulivyotazamia.