Maandalizi ya Nyumbani kabla ya Tiba ya Madini Joto yenye Mionzi

Mgonjwa wa saratani ya tezi ya thairoidi anayepewa madini joto yenye mionzi kwa kawaida hulazwa peke yake kwa siku chache. Katika jamii iliyozoea kumwona mgonjwa amezungukwa na ndugu, mlango uliofungwa huweza kudhaniwa kuwa dalili ya kukatiwa tamaa. Kwa hiyo maandalizi huanza nyumbani, wiki kadhaa kabla.

Familia ielezwe kwamba dawa humezwa, hufyonzwa na seli za tezi zilizobaki baada ya upasuaji, na sehemu kubwa ya ziada hutoka kwa mkojo. Nguvu ya mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8.

Kwa wiki 1 hadi 2 kabla ya tiba, mgonjwa huacha chumvi yenye madini joto, vyakula vya baharini, maziwa na viini vya mayai, ili seli hizo ziipokee dawa kwa wingi. Mwanamke hupimwa ujauzito. Anayenyonyesha humwachisha mtoto walau wiki 6 kabla, wala hamrudishi tena ziwani. Uamuzi huo ni mzito. Haufai kuelezwa siku ya kulazwa. Aidha, mtoto mdogo atafutiwe mlezi hata kwa siku zinazofuata baada ya mama kuruhusiwa.

Wodini mgonjwa aingie na vitu vichache, anywe maji ya kutosha na aoge kila siku. Ndugu aliyeelezwa vema hatabisha hodi, atapiga simu.