Jino la Arobaini na Saba



Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, alinijia kijana wa jirani yetu hapa Berchem-Sainte-Agathe, mkononi ameshika gurudumu la chuma lililofungwa kwa kitambaa. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Nimeliharibu. Nadhani kazi hii si yangu." Kijana huyu anajifunza kuendesha mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa kwa kompyuta. Baba yake, ambaye tangu awali alitamani kumwona mwanawe ofisini, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba akishindwa safari hii, aache.

Mimi nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, wala sijapata kuendesha mashine kama hiyo. Lakini gurudumu lenyewe lilieleza kisa chake. Meno 46 yalikuwa sawasawa. La 47 lilikuwa jembamba, nusu ya wenzake. Gia ya namna hiyo haifai kitu, kwani kila izungukapo mara moja itagonga.

Nikamwambia aketi, tukachukua karatasi. Gia huanzia kwenye kipimo kiitwacho moduli, ambacho huonyesha ukubwa wa jino. Moduli yake ilikuwa 2 na meno 47. Zidisha, upate milimita 94: hicho ndicho kipenyo cha duara ambapo meno ya gia mbili hukutana. Ongeza moduli mbili, upate milimita 98: hicho ndicho kipenyo cha chuma kabla ya kuchongwa. Kina cha jino ni moduli mara 2.25, yaani milimita 4.5. Hayo yote aliyapata barabara. Tena alikuwa amehakikisha kwamba chuma kimekaa katikati, na kwamba kisu kimeelekea kwenye kitovu chake.

Kosa lilikuwa kwenye mgawanyo. Nyuzi 360 ukizigawa kwa 47 hupati hesabu kamili, bali 7.6596 na mkia mrefu. Kijana aliandika 7.7, akaiamuru mashine ichonge, izunguke nyuzi 7.7 kutoka ilipo, ichonge tena, mpaka mara 47. Kila hatua ilizidi kwa nyuzi 0.04 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini mara 46 ni karibu nyuzi 2, na deni lote hilo akalilipa jino la mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, na makosa nayo ni vivyo hivyo.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, usikate mkia wa hesabu wewe mwenyewe. Iachie kompyuta igawanye. Ya pili, ambayo ni bora zaidi, kila jino lipimwe kutoka sifuri, si kutoka kwa jino lililotangulia. Hapo hata likiwapo kosa dogo, halirithiwi na linalofuata.

Mafundi wa zamani walilijua tatizo hili. Walitumia kigawanyio cha mkono, ambacho mkono wake ukizungushwa mara 40, chuma huzunguka mara moja. Kwa meno 47 walichukua bamba lenye duara la matundu 47, wakasogea nafasi 40 kwa kila jino. Matundu hayana mkia. Na katika viwanda vikubwa hutumika kisu chenye umbo la skrubu, kinachozunguka mara 47 wakati chuma kinazunguka mara moja, na siku hizi kompyuta ndiyo inayovifungamanisha viwili hivyo.

Nikamkumbusha pia kwamba elimu hii si ngeni kwetu. Mwaka 1206 Ismail al-Jazari alikamilisha kitabu cha mashine zake, zikiwamo za kupandisha maji kwa magurudumu ya meno. Katika jumba la makumbusho mjini Oxford imo asturlabu iliyotengenezwa na Muhammad bin Abi Bakr wa Isfahan mwaka 618 Hijria, yaani 1221 au 1222, yenye gia zinazoonyesha kalenda ya mwezi. Na huko kwetu Afrika ya Mashariki, mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Magari ya Nyayo yalionyeshwa mwaka 1990, lakini hayakufika sokoni. Hata hivyo jitihada ile haikupotea bure. Ilizaa karakana ya Numerical Machining Complex, ambayo kazi yake ni kuchonga vipuri na gia kwa mashine za kompyuta.

Ndugu wazazi, nimeyaandika haya kwa sababu. Tarehe 28 Februari 2025 kiwanda cha Audi kule Forest kilifungwa, na wafanyakazi wapatao 3,000 walipoteza kazi zao. Tumeogopa, na hofu hutufanya tuwaambie watoto wakimbilie meza na kalamu. Lakini kazi ya kutayarisha na kuendesha mashine hizi imekuwamo kwa miaka katika orodha ya VDAB ya kazi zinazokosa watu. Mtafuta kazi wa Brussels hujiandikisha Actiris, kisha huweza kusoma bila ada kwa Kifaransa huko Bruxelles Formation, au kwa Kiholanzi huko VDAB. Na Kiholanzi tusikidharau: ukivuka mpaka wa manispaa yetu kuelekea Zellik au Groot-Bijgaarden, ndiyo lugha ya kazi. Anayechonga gia hutumia hesabu kila saa. Huyo naye ni msomi, ingawa mikono yake inanuka mafuta.

Kijana alirudi baada ya wiki mbili na gurudumu jingine. Nilihesabu meno yote 47 kwa kidole, polepole, nikarudia. Lile la kwanza ameliweka mkobani, asije akasahau. La pili alimpelekea baba yake. Nasikia mzee hakusema neno, ila ameliweka juu ya kabati sebuleni, mahali ambapo kila mgeni akiingia lazima aulize ni kitu gani.

Wabillahi tawfiq.