Sukuma-Vuta: Kinga ya Mahindi Isiyohitaji Sumu

Mkulima wa mahindi kandokando ya Ziwa Viktoria ana maadui wawili wanaojificha. Wa kwanza ni funza wa mabua. Nondo jike hutaga mayai usiku juu ya mmea. Funza wanapoanguliwa hujipenyeza ndani ya bua, na humo dawa ya kunyunyiza haiwafikii kwa urahisi. Wa pili ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo mizizi yake hunyonya maji na chakula kutoka mizizi ya mahindi na mtama. Kiduha kinapochomoza juu ya ardhi, madhara makubwa yamekwisha kutendeka. Tena, mche mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu, ambazo huweza kukaa hai udongoni kwa zaidi ya miaka 10. Hivyo mzazi huweza kumrithisha mwanawe shamba pamoja na njaa yake.

Katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenziwe wa taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, huko Mbita nchini Kenya, wakishirikiana na wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, walibuni njia iitwayo sukuma-vuta. Baina ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Kuzunguka shamba hupandwa mabingobingo. Utafiti wao ulionyesha kwamba harufu ya desmodiamu huwasukuma nondo watoke shambani, na ile ya mabingobingo huwavuta ukingoni wakatage huko. Funza wakijaribu kutoboa mabingobingo hukutana na utomvu unaonata, na wengi wao hufa.

Je, kiduha nacho? Mbegu yake haioti mpaka ipate ishara ya kikemia itokayo kwenye mizizi ya mmea mwingine. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za namna mbili: baadhi huiamsha mbegu, na nyingine huzuia kijizizi chake kisikue na kujishikiza kwenye mahindi. Mbegu huota, ikakosa chakula, ikafa. Kwa hiyo akiba ya mbegu udongoni hupungua msimu hata msimu, jambo ambalo palizi peke yake hushindwa kulitimiza.

Aidha, desmodiamu huongeza naitrojeni udongoni, na mimea yote miwili ni malisho ya ng'ombe. Hata hivyo, njia hii ina gharama zake. Desmodiamu hukua polepole mwanzoni, nayo yahitaji kupaliliwa kwa uangalifu. Mabingobingo nayo hushambuliwa na ugonjwa wa kudumaa. Kwa sehemu kame imechaguliwa mimea ivumiliayo ukavu, kama vile nyasi za brakiaria.

Shule yenye shamba yaweza kulijaribu jambo hili: sehemu moja mahindi matupu, ya pili sukuma-vuta. Wanafunzi wahesabu mabua yaliyotobolewa na miche ya kiduha kila juma, kwa misimu kadhaa. Wataona wenyewe kwamba silaha ya kwanza ya mkulima ni kuzijua tabia za adui yake.