Saa mbele ya kila amri

Ku Kilwa, kando ya ziwa Moero, batu banajua bei ya karatasi yenye tarehe. Mwezi wa 10, 2004, jeshi liliingia mu muji, na uchunguzi wa MONUC ukahesabu bafu wasiopungua 73. Ilibidi kungojea 2017 ili itangazwe kama Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu inaagiza serikali ilipe dola milioni 2.5 kwa bahanga 8 na jamaa zao. Njia yote ile, ulizo lilikuwa moja: nani, wapi, saa ngapi?

Mu sendika zetu kesi ni ndogo, lakini ulizo ni lile lile. Delege anakopia liste ya banamemba na makato yao, siku ya mabishano, mukubwa anasema: «Hii muliandika jana.» Utajibu nini?

Ordinatere ya Windows inaweza kusaidia, bila kununua kitu. Fishye yenye mwisho wa .bat inabeba amri, na mashine inazifuata moja moja. Mbele ya kila amri inaandika alama: kwa kawaida jina la dosye na mushale, sawa C:\SENDIKA>. Ile alama inabadilika. Andika pa mwanzo:

setlocal
prompt $D$S$T$S$G

$D ni siku, $T ni saa, $S ni nafasi, $G ni mushale. Tangu pale, kila amri inatanguliwa na siku na saa ilipoanza. Setlocal inafanya alama ya zamani irudi fishye ikiisha. Usitie @echo off: batu wengi banaipenda sababu inasafisha ekra, lakini inaficha amri pamoja na alama yake.

Kisha, ili vyote vibaki, anzisha hivi:

kopia.bat >> alama.txt

Mishale miwili inaongeza chini ya maandiko ya zamani; mumoja tu unayafuta.

Bandugu, tusijidanganye: saa ya ordinatere, mutu anaweza kuirudisha nyuma, na fishye ya maandiko inabadilishwa na kila mutu. Kwa hiyo, kwanza hakikisha saa ni ya kweli. Ukimaliza, chapa karatasi siku ile ile, batu babili batie sahihi, kopi moja ilale kwa mwengine. Mashine inaandika saa. Ushahidi unalindwa na batu.