Wati 50 Zilizoandikwa Kwenye Redio

Magari mengi yanayopanda na kushuka barabara ya Lumumba, Kalemie, yalitumika kwanza Japani kabla ya kufika huku ziwani. Redio zake zimekuja nayo. Tafuta stesheni uone: kwenye nyingi namba zinaanzia 76 na kukomea 90, maana huko ndiko Wajapani walikoweka kwanza mawimbi yao ya FM, ilhali kwetu yamepangwa kati ya 87.5 na 108. Mwenye mutuka, kama tuliitavyo gari huku, anabaki na kipande cha masafa kisicho na kitu, anaishia kucheza muziki wa kwenye simu. Akiongeza sauti, bafle za mlangoni, yaani spika, zinakoroma. Basi anamwendea fundi: niongezee ampli na sabufa.

Fundi atamwonyesha redio mpya yenye maandishi ya 50W x 4, na ampli yenye namba kubwa zaidi. Tuanze na hiyo 50, kwa sababu ndani yake ndimo mlimo mkasa wote.

Injini ikiwaka, umeme wa gari dogo ni volti 14 hivi. Chipu iliyomo ndani ya redio haina pa kupata nyingine. Inaweza tu kuisukuma spika kwa hizo 14, mara huku mara kule. Spika ya kawaida ya gari ina ukinzani wa omu 4. Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani: 14 mara 14 ni 196, gawanya kwa 4, unapata 49. Ndiyo ile 50 ya kwenye kibandiko! Ila hesabu hiyo inataka spika ipigwe volti zote 14 kila nukta, bila kupanda wala kushuka, na mlio wa namna hiyo ni mkwaruzo mtupu. Wimbi safi linalopanda hadi kilele na kurudi taratibu hubeba nusu tu ya nguvu hiyo, na chipu yenyewe hula sehemu yake. Zinabaki wati 18 au 20. Kwa hiyo kibandiko hakikudanganya moja kwa moja. Kimepima kitu ambacho hakuna mtu anayekisikiliza.

Ampli inavuka ukuta huo kwa kuongeza volti kwanza. Transfoma haifanyi kazi kwa mkondo usiobadilika kama wa betri, basi transista huukatakata mkondo huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ukapitishwa kwenye koili ya mviringo, ukatoka upande wa pili, tuseme, na volti 30 juu ya sifuri na 30 chini yake. Kwa spika ileile ya omu 4, hizo ni wati zaidi ya 100 za kweli.

Lakini sikio ni bahili. Ukizidisha nguvu mara 10, mtu husikia kama sauti imeongezeka mara 2 tu. Kutoka wati 20 hadi 200 ni fedha nyingi kwa faida hiyo, na ndiyo maana mimi ningeanza na sanduku la spika kabla ya ampli. Fanya jaribio hili kwa fundi: iache spika wazi mezani, ipige wimbo. Utasikia mwimbaji, besi hutaisikia. Kisha ibane kwenye tundu la ubao mpana. Besi imekuja, na hujaongeza hata wati moja. Spika inaposukuma hewa mbele huivuta nyuma, na wimbi la besi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, hivyo linazunguka ukingo wa spika kwa urahisi na pande hizo mbili zinafutana. Ubao unazitenganisha, sanduku lililofungwa vizuri linazitenganisha kabisa. Mlango wa gari uliojaa matundu ni sanduku bovu. Kuyaziba matundu hayo ni kazi ya mchana mmoja.

Kama redio ya kiwandani inabaki, umakini unahitajika mahali pamoja. Nyingi hazina tundu la kutolea sauti kwenda kwenye ampli, basi ishara huchukuliwa kwenye nyaya za spika. Kwenye redio za siku hizi, waya wa hasi wa spika una karibu nusu ya volti za betri. Anayeuunganisha na bodi ya gari, kama ilivyozoeleka kwenye baadhi ya redio za kaseti za zamani, anaweza kuiua chipu.

Sasa umeme. Ampli inayotoa wati 400 huku ikipoteza nyingine kwa joto inaweza kuvuta wati 670 kwenye betri, yaani karibu ampea 48. Taa mbili kubwa za mbele, za wati 55 kila moja, hula ampea 8 tu. Pitisha ampea 48 kwenye mita 5 za waya wa shaba wa milimita mraba 4, na volti 1 inapotelea njiani pamoja na wati karibu 50 za joto, chini ya zulia. Ukiona taa zikififia kila besi inapogonga, waya au alteneta vimeelemewa.

Na jioni umeme wa shirika la SNEL ukikatika, gari likaegeshwa milango wazi likageuka dansi ya mtaa, kila pigo hutoka kwenye betri peke yake. Betri ya gari ina bamba nyembamba, zimetengenezwa kwa kishindo kifupi cha kuwasha injini. Ikipumzika ikasoma volti 12 badala ya 12.6, zaidi ya nusu ya chaji imekwisha. Asubuhi mnasukuma.

Jambo linaloniudhi ni waya. Hadi 2015 Kalemie ilikuwa ndani ya Katanga, nchi ya shaba, na bado sokoni mtu anaweza kuuziwa alumini iliyopakwa shaba juu juu, ambayo kwa unene uleule hupitisha umeme kwa theluthi mbili tu ya shaba halisi. Hivyo kabla ya kulipa, chukua kisu ukwangue ncha ya waya: ikionekana nyeupe ndani, urudishe, au ununue mnene zaidi kwa bei ndogo. Na fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, si kule nyuma kwenye ampli. Waya ukichubuka kati ya betri na fyuzi hakuna cha kuuzuia moto.