Degedege ikijirudia kwa mtoto mchanga, usiishie kwenye malaria

Chekereni, wilayani Moshi, ni eneo la mashamba ya mpunga, na penye mpunga wa kumwagilia mbu hawakosekani. Mtoto akipata homa na degedege, wazazi wengi hutaja malaria. Kumpima ni lazima. Lakini kipimo kikionyesha hana, na degedege ikarudi baada ya wiki chache, daktari aulizwe pia kuhusu kifafa.

Ipo aina adimu ya kifafa iitwayo Dravet, kwa jina la Charlotte Dravet, daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1978. Huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, mara nyingi akiwa na miezi 5 hadi 8, huku akiwa amekua vizuri tu. Degedege huja na homa, au hata baada ya kuogeshwa maji ya moto. Huchukua muda mrefu, na pengine hukamata upande mmoja wa mwili; siku nyingine, upande wa pili.

Mwaka 2001 watafiti walitambua chanzo chake: hitilafu katika jeni ya SCN1A, inayohusika na mawasiliano ya seli za ubongo. Kwa watoto wengi hitilafu hiyo huanza kwa mtoto mwenyewe, haikutoka kwa baba wala mama. Hakuna wa kulaumiwa katika ukoo, na mtoto hajarogwa.

Kuitambua mapema kunasaidia kuchagua dawa. Kabamazepini na fenitoini, zinazotumika sana kutibu kifafa, zinaweza kuzidisha hali ya watoto hawa; valproeti ni miongoni mwa zinazowafaa zaidi. Mtoto akizidiwa baada ya kuanza dawa, arudishwe haraka kwa daktari. Mzazi asimwachishe dawa mwenyewe.

Degedege ikianza, mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, na usimtie chochote mdomoni, hata kijiko. Tazama saa: zikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Mwenzako amrekodi kwa simu, kwani daktari mara nyingi hukuta degedege imeshakwisha.

Andika tarehe, kama alikuwa na homa, dakika zilizopita na upande uliokamatwa. Nenda na maelezo hayo zahanati, uombe rufaa ya kuonana na daktari bingwa wa watoto. Kwa wakazi wa Chekereni, hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC, ipo hapo hapo Moshi.