Nani Anaongoza? Uongozi wa Soko na Maamuzi ya Viongozi katika Ushindani wa Pikapu nchini Marekani

Katika taaluma ya biashara, neno uongozi hubeba maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa: nafasi ya kampuni sokoni na kazi ya wale wanaoiendesha. Ushindani wa watengenezaji wa pikapu nchini Marekani ni mfano unaofaa kuzitenganisha maana hizo. Makala hii inadai kwamba, katika soko hili ambalo kwa miongo mingi limetawaliwa na Ford, General Motors na Chrysler, kiongozi hueleweka vizuri zaidi kwa kile alichokubali kukiacha ili pikapu iendelee, kuliko kwa idadi ya magari yaliyouzwa.

Idadi yenyewe ina utata. Ford, iliyoanza kuuza pikapu za F-Series mwaka 1948, hujitangaza kuwa inaongoza tangu mwaka 1977. Dai hilo ni la kweli iwapo kinachohesabiwa ni jina la gari. General Motors, kwa upande wake, huuza pikapu ambayo kwa kiasi kikubwa ni ileile chini ya majina mawili, Chevrolet Silverado na GMC Sierra, na zote mbili huundwa katika kiwanda cha Fort Wayne, Indiana. Majina hayo yakijumlishwa, General Motors iliipita Ford mwaka 2020. Mwaka mmoja kabla, Ram, iliyokuwa chini ya Fiat Chrysler, iliuza zaidi ya magari 630,000 na kuishusha Silverado hadi nafasi ya tatu. Kila upande una hesabu inayoufaa, na hakuna anayesema uongo.

Ikumbukwe kwamba ushindani huu umefanyika ndani ya ua. Januari 1964 ulianza kutumika ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje, uliotangazwa na Rais Lyndon Johnson kulipiza kisasi baada ya nchi za Jumuiya ya Ulaya kupandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Orodha ya bidhaa zilizolengwa ilikuwa na brandi na wanga wa viazi pia. Bidhaa hizo ziliondolewa baadaye; malori yakabaki. Kwa miaka mingi gari la kawaida la abiria lililipiwa asilimia 2.5 tu. Ndiyo maana Toyota na Nissan, zilipotaka kuingia katika soko la pikapu kubwa, zililazimika kujenga viwanda Marekani kwenyewe. Tundra ikahamia San Antonio, Texas, na Titan ikaundwa Canton, Mississippi, hadi ilipositishwa mwaka 2024. Ni vigumu kuwasifu viongozi wa Detroit kwa ushindi wao bila kuutaja ukuta huu.

Hata hivyo, ukuta haukuwazuia wenyewe kwa wenyewe. Alan Mulally alihamia Ford kutoka Boeing mwaka 2006, na mwaka huohuo kampuni ikakopa zaidi ya dola bilioni 23 kwa kuweka rehani mali zake, nembo yake ikiwamo. Aston Martin, Jaguar, Land Rover na Volvo ziliuzwa zote kati ya mwaka 2007 na 2010. General Motors na Chrysler zilipoomba kinga ya mufilisi mwaka 2009, Ford haikuwa nazo. Januari 2014 ilionesha F-150 yenye bodi ya aluminiamu, iliyopunguza uzito kwa hadi kilo 317. Uamuzi huo ulikuwa wa hatari kweli: kuacha chuma katika gari linalouzwa kuliko yote kulimaanisha kusimamisha viwanda vya Dearborn na Kansas City na kubadili mitambo. Mwaka 2016 Chevrolet ilitoa tangazo lililoonesha matofali yakitoboa sakafu ya nyuma ya F-150. Miaka miwili baadaye, milango na boneti ya Silverado mpya ilikuwa ya aluminiamu; sakafu ya nyuma ilibaki ya chuma.

Sergio Marchionne aliitenga Ram na Dodge mwaka 2009, na mwaka 2016 akatangaza mwisho wa magari mawili madogo ya kampuni hiyo, Dodge Dart na Chrysler 200. Kiwanda cha Sterling Heights, Michigan, kikakabidhiwa Ram. Mary Barra naye, aliyeshika uongozi wa General Motors mwaka 2014, aliondoka sokoni badala ya kuondoa gari. Mwaka 2017 kampuni iliuza Opel barani Ulaya, na Nairobi ikaiachia Isuzu hisa zake katika kampuni iliyokuwa General Motors East Africa.

Utegemezi wa aina hii una gharama, na waliouona mapema walikuwa wafanyakazi. Katika mgomo wa mwaka 2023, chama chao, UAW, kikiongozwa na Shawn Fain, hakikufunga viwanda vyote kwa pamoja. Tarehe 11 Oktoba kiliwatoa takriban wafanyakazi 8,700 wa kiwanda cha malori cha Ford mjini Louisville, Kentucky. Wiki mbili baadaye Ford ikakubali nyongeza ya mshahara ya asilimia 25 hadi mwaka 2028. Kutoka kwa Stellantis, mrithi wa Fiat Chrysler, chama kilipata ahadi ya kufungua upya kiwanda cha Belvidere, Illinois, ili kiunde pikapu ya ukubwa wa kati. Mgawo wa bidhaa, uliozoeleka kuwa siri ya ofisi za juu, ulikuwa umefika meza ya majadiliano. Carlos Tavares alijiuzulu Desemba 2024. Oktoba 2025, chini ya Antonio Filosa, pikapu hiyo ilipangiwa kiwanda cha Toledo, Ohio, na Belvidere ikaahidiwa magari ya Jeep.